Mgongo Umeacha Kukua

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilivyosimama kwenye matope ya Nyandarua nikiwa na miaka ishirini, begi limenilemea mpaka siwezi kuinua mkono nijipanguse kamasi. Ningekuwa nimeshaisahau, lakini nyinyi vijana mnanilazimisha kuikumbuka kila Jumamosi. Nikitoka asubuhi kununua maziwa hapa Jamhuri, nawakuta mmejipanga kando ya Ngong Road mkisubiri gari la kuwapeleka milimani. Nawasalimia, mnaniitikia "poa, shosh" kwa adabu kama mimi ni bibi yenu, na kwa hilo sina neno. Lakini nikiitazama hiyo migongo yenu, damu inanichemka. Mmoja ana begi lililoshuka mpaka makalioni, linampiga kila akipiga hatua. Mwingine amening'iniza kikombe, sufuria, viatu na spika ya muziki kwa nje, akitembea unadhani ni mchuuzi wa vyombo. Wa tatu ana begi la kukaa Mlima Kenya wiki nzima, na anakwenda Ngong tu, saa tisa yuko nyumbani. Ukimuuliza humo ndani mna nini, atakwambia, "Vitu tu, shosh." Vitu tu! Ala!

Juzi nilishindwa kunyamaza. Nikamwuliza msichana mmoja wa Kileleshwa, mtoto mzuri, amevaa miwani, "Mwanangu, hili begi ulilijaribu mgongoni kabla ya kulinunua?"

"Zii, shosh. Niliiona kwa simu, rangi ikanibamba."

Rangi! Kwani mlima unaangalia rangi? Nilitaka kumweleza, gari likafika, akapanda na begi lake la zambarau, akanipungia mkono. Nikarudi nyumbani na maziwa yangu nikiongea peke yangu njiani kama mtu aliyepandwa na wazimu. Kwa hiyo wewe usiye na gari la kukimbilia, keti nikueleze. Mimi, Mwikali, nimewapeleka watu milimani tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipokataa, na kazi hiyo ilikaribia kunipita kwa sababu ya begi.

Mama yangu, Mungu ailaze roho yake pema, alikuwa karani wa serikali. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na watoto tulikuwa wengi. Alikuwa na sheria moja ya kununua vitu: nunua kubwa, mtoto atakua nayo. Sheria hiyo unaijua, usijifanye mgeni. Nani kati yetu hakuingia darasa la kwanza na sweta inayofika magotini? Nani hakujazwa karatasi kwenye ncha za viatu ili visimvuke? Mimi sare yangu ilianza kunitosha sawasawa muhula ule niliokuwa naiacha. Sikatai, kwa sare ni busara. Tabu ni kwamba Mama hakujua pa kuiachia hiyo sheria.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani nikitafuta kazi mpaka majirani wamechoka kuniuliza. Ndipo nikasikia kuna kituo kinachofunza vijana kuongoza watu milimani. Ukiingia unafunzwa, na ukishafunzwa unaajiriwa. Mtihani wa kuingia haukuwa wa kalamu. Ulikuwa safari ya siku tatu juu ya Nyandarua, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Anayemaliza anachukuliwa. Mama hakuipenda kabisa, lakini baada ya kumsumbua mpaka akachoka alikubali, na akaweka sharti: "Ukishindwa, unaenda Kawangware kumshikia mjomba wako duka, na sitaki kusikia tena hii maneno ya milima." Mjomba alikuwa mtu mwema, lakini duka lake lilikuwa la misumari na rangi za nyumba, na nikiliwazia tu nilikuwa nahisi pumzi inaniishia.

Tukaenda sote wawili soko la Toi, kwenye mitumba, kutafuta begi. Mama alipita mabegi yote yaliyonifaa bila hata kuyagusa, akasimama mbele ya moja kubwa la kijani, ambalo hata kipofu angejua lilishonewa mwanamume mrefu wa nchi za baridi. Nikalivaa. Ule mkanda unaopaswa kufungwa kiunoni ukanifika mapajani, na juu likapita kichwa changu, nikawa siwezi kutazama mbingu.

"Mama, hii ni kubwa."

Akalizunguka, akalipigapiga kama mtu anayekagua ng'ombe. "Kubwa ndiyo nzuri. Utakua nayo."

Miaka ishirini, mwanangu! Nikue niende wapi?

Ubaya wa begi kubwa ni kwamba halikubali kubaki tupu. Kwa Mama, begi lililolegea lilikuwa aibu, watu wangesema huyu ametoka nyumba isiyo na kitu. Akaanza kufunga. Blanketi zito la kitandani. Hotpoti ya muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharage, bado ya moto. Kuku mzima wa kukaanga. Chapati zilizoviringishwa ndani ya kitambaa. Flaski kubwa ya chai ya maziwa, ile ya kutolea wageni. Mwavuli. Biblia na kitabu cha nyimbo. Na kwa kuwa siku ya tatu ilikuwa Jumapili, akaniwekea sketi na viatu vya kanisani vyenye visigino. Nilipouliza vya nini, akashangaa kweli kweli: "Kwani huko juu watu hawaombi?"

Na mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni nikimtazama. Utanilaumu, lakini unawajua mama zetu. Chakula alichokufungia huwezi kukikataa, ukikikataa umemwambia mapenzi yake hayana kazi. Nikalibeba, nikamshukuru, nikaenda.

Saa ya kwanza niliwacheka wenzangu wenye mabegi madogo. Saa ya pili nikanyamaza. Sikiliza sasa, hapa ndipo penye somo. Begi la safari ndefu halibebwi na mabega. Linabebwa na nyonga. Mkanda wa kiunoni ukikaa juu ya mifupa ya nyonga na ukakazwa, sehemu kubwa ya uzito inashukia hapo na kwenda miguuni, na mabega yanabaki na kazi ya kulishikilia tu lisiyumbe. Mkanda wangu mimi ulikuwa mapajani, haushiki chochote, kwa hiyo kilo zote zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba mbili za mabegani. Tena Mama alikuwa ameiweka hotpoti na flaski upande wa nje kabisa, ili nikisikia njaa nisitafute. Mzigo mzito ukikaa mbali na mgongo unakuvuta nyuma, nawe unajikunja mbele kuukataa, na kiuno kinalia. Kufika jioni mabega yalikuwa yameshachubuka. Na mvua ikanyesha, ile mvua ya Nyandarua isiyo na adabu, blanketi likanywa maji yote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mwanangu. Wenzangu waliniona natembea, lakini yaliyokuwa chini ya sweta niliyajua mimi.

Asubuhi ya pili tulifika penye mto mwembamba wenye nguvu, unaovukwa kwa kushika kamba iliyofungwa mti hadi mti. Nikaenda kuishika kamba. Vidole vikakataa. Nilikuwa naviona vyangu, naviamuru, na havifungi. Kamba za begi zilikuwa zimeikandamiza mishipa ya mabega jana kutwa na asubuhi hiyo, mikono imekufa ganzi mpaka kwenye kucha.

Mwalimu wetu, Bi. Wangari, alikuwa mama wa makamo, mwembamba, na sauti yake ilikuwa ya chini lakini ilikufikia popote ulipo. Alikuwa ameniangalia tangu jana bila kusema neno. Akaja akasimama mbele yangu.

"Shusha."

Nikashusha. Akalifungua, akaanza kutoa kimoja kimoja na kukipanga kwenye nyasi. Alipofika kwenye viatu vya visigino, wenzangu wakaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" akawageukia. "Wewe hapo una mafuta ya nywele kopo mbili. Nikufungue na wewe?" Akanirudia. "Nani alikufungia?"

"Mama."

"Yeye yuko wapi?"

"Nairobi."

"Ameshawahi kupanda mlima?"

"Hapana."

"Na wewe ulikuwa wapi akifunga?"

Nilianza kulia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira kuliko cha uchungu. Nilimkasirikia Mama, nikalikasirikia begi, nikawakasirikia wale wa mafuta ya nywele. Bi. Wangari akaningoja nimalize.

"Hiki chakula kitaliwa leo, chote," akasema. "Chakula cha mzazi hakitupwi. Lakini wewe unateremka na wapagazi waliotuletea mahema, wanaorudi leo. Sikurudishi kwa kukosa nguvu, nguvu unayo, jana umebeba mzigo wa punda. Nakurudisha kwa sababu mkono wako haushiki kamba, na kesho utakuwa umeshika kamba ya mtu mwingine. Mtu asiyejua alichobeba siwezi kumpa watu awaongoze." Kisha akaligusa begi kwa mguu. "Kundi lingine linapanda mwezi ujao. Njoo na begi la mgongo wako, na ulifunge wewe. Ukija na hili hapa, hata garini usishuke."

Nilifika nyumbani Jumamosi jioni nimevaa sweta nzito kwenye jua, ili Mama asione mabega. Akanipokea, akaniuliza chakula kilitosha. Nikasema kilitosha. Akaniuliza mbona nimerudi kabla ya siku. Nikasema nimerudishwa, ila nimepewa nafasi moja zaidi nikipata begi lingine.

"Begi haina makosa," akasema. "Makosa ni ya mlima. Jumatatu uende kwa mjomba wako."

Tulibishana mpaka ndugu zangu wakahama sebuleni. Sijawahi kubishana na Mama vile, wala sikurudia. Mwishowe alisema, kwa ile sauti ya mtu aliyechoka, kwamba tutakwenda sokoni mara moja, na ikishindikana basi. Tukarudi Toi na lile begi la kijani kwenda kulibadilisha. Na utaamini? Hatujafika katikati ya vibanda, Mama ameshashika begi jingine kubwa vile vile, la bluu.

"Hii je? Itakufaa hata ukiolewa."

"Mama," nikamwambia mbele ya watu wote, "mgongo umeacha kukua!"

Mwenye kibanda alicheka mpaka akashika nguzo. Mama hakucheka. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, kama mtu anayegundua kwamba nimekua bila kumwomba ruhusa. Kisha akalirudisha lile la bluu mahali pake. "Haya, chagua," akasema, na uso ameukunja.

Nikachagua kama nilivyoelekezwa na Bi. Wangari wakati wa kuagana. Unainamisha kichwa, unapapasa ule mfupa uliochomoza chini ya shingo, kisha unashika nyonga kwa mikono miwili na kuona vidole gumba vinakutana wapi mgongoni. Kutoka pale juu mpaka hapo chini ndio urefu wa mgongo wako, na begi lifuate huo, lisifuate kimo chako. Kuna warefu wenye migongo mifupi na wafupi wenye migongo mirefu, nimewaona wote. Nilipopata lililokaa vizuri, nikamwomba mwenye kibanda alijaze jinzi zake nzitonzito mpaka juu, maana begi tupu halisemi ukweli, hata bovu likiwa tupu ni tamu. Nikazunguka nalo soko zima, nikapanda ngazi na kushuka. Mama akinifuata nyuma akiomba radhi kwa kila tuliyemgonga.

Siku ya kufunga alikuja akaketi kitandani kwangu, hotpoti amepakata. Nikafunga mwenyewe. Chini kabisa niliweka mfuko wa kulalia niliouazima kanisani. Katikati, pale mgongo unapoegemea, nikaweka vile vizito: unga, maharage, sufuria moja ndogo. Nguo nikazisokota kuzunguka hapo zishikilie, juu kabisa koti la mvua na kitu cha kutafuna, maji ubavuni. Kila kisichotakiwa kulowa nikakifunga ndani ya mfuko usiopitisha maji. Nje hakikuning'inia hata kijiko.

"Na hii?" Mama akainua hotpoti kidogo.

"Hapana, Mama."

"Hata chapati mbili?"

"Mbili sawa."

Akatoka na hotpoti yake, na mimi moyo ukaniuma kuliko mabega yalivyoniuma. Lakini sikumwita.

Nilimaliza safari ile. Haikuwa rahisi, mvua ilitunyeshea tena na miguu ilinivimba, lakini kamba niliishika na mwenzangu niliyekabidhiwa nikamvusha. Bi. Wangari hakunisifu. Alinigusa begani, akaniambia niripoti Jumatatu.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa mlangoni. Hakuniuliza nimepita au nimeshindwa. Alilishika begi akanivua, halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akalivaa yeye. Akiwa na leso yake kiunoni na ndala miguuni, akapitisha mkono mmoja na wa pili, nikamfungia mkanda kiunoni, nikaukaza. Akatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, akarudi.

"Kumbe inakaa hapa," akasema akijishika nyonga. "Ile ingine ilikuwa inakaa wapi?"

Nikashusha kola ya shati nikamwonyesha. Vidonda vilikuwa vimepona lakini alama zilikuwa bado, nyekundu, kila bega na lake. Akanyoosha kidole akaigusa moja.

"Mbona hukuniambia, Mwikali?"

"Ningeanzaje, Mama? Ulinifungia kwa mapenzi."

Akakaa chini na begi mgongoni vile vile. "Si mapenzi tu, mwanangu. Nilikuwa naogopa. Njaa, baridi, mvua, watu wabaya... kila nilichoogopa nilikiweka humo ndani. Ukabeba woga wangu."

Sikwenda Kawangware. Mjomba alimpata mtu mwingine wa kupima misumari, na Mama tangu siku hiyo hakunifungia tena begi, ingawa mdomo ulimwasha mpaka alipozeeka.

Basi mwanangu, nisikie, na nikirudia usichoke, maana nyinyi hamsikii mara moja. Ukienda matembezi ya siku moja, Ngong, Longonot, Kilimambogo, beba begi dogo: maji ya kutosha, koti la mvua, sweta, chakula chepesi, dawa kidogo na bandeji, basi. Spika iache, ndege wapo. Ukienda siku kadhaa, tafuta begi lenye mkanda wa kiunoni wa maana, ulipime kwa mgongo wako mwenyewe, si wa rafiki yako wala wa picha kwenye simu. Kilichomfaa mwenzako hakikuhusu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Likinunuliwa, lijaze pakiti za unga, ulivae, utoke hapa Jamhuri kwa miguu mpaka Muthangari na kurudi. Watu watakushangaa, waache. Likikuumiza kwenye lami, mlimani litakuua. Vizito viegemee mgongo, kaza kiuno kwanza, mabega baadaye. Na ukimaliza kufunga, toa vyote nje, uviangalie, kila kimoja ujiulize umekiweka kwa sababu utakitumia au kwa sababu unaogopa. Vya woga virudishe kabatini. Utashangaa begi litakavyopungua.

Na begi lako ulifunge wewe. Si mama, si mpenzi, si yule wa kikundi anayejua kila kitu. Mama akileta hotpoti, mkumbatie, chukua chapati mbili, umwambie ukweli siku hiyo hiyo, usije ukaficha mabega kwenye sweta kama mimi.

Nenda sasa. Mungu akutangulie njiani, akushushie mvua ukiwa umeshapiga hema, awape vidole vyako nguvu kwenye kila kamba utakayoshika, na akurudishe kwa aliyebaki nyumbani akikuogopea. Yeye ndiye aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wako.